Panya wa Vizimba Vitatu

Jumatatu, tarehe 9 Machi 1992, saa mbili kasoro robo asubuhi, Dokta Frederick Niyonzima alifungua mlango wa maabara yake ndogo ya mimea ya dawa huko Niboye, akakuta panya weupe kumi na watano wamekufa. Watano tu, wa kizimba kimoja, walikuwa hai.

Inspekta Jean-Berchmans Munyaneza alifika saa tatu. Kilichomleta hasa hakikuwa panya. Ilikuwa kesi ya Mzee Usumani, mganga wa mitishamba wa Nyamirambo, aliyekuwa mahabusu tangu Januari. Alishtakiwa kwamba dawa yake ya tumbo ilimuua Kaliza, mtoto wa miaka minne. Mwendesha mashtaka ndiye aliyeagiza dawa hiyo ipimwe: panya wanyweshwe siku kumi na nne, ijulikane kama ni sumu.

"Leo ni siku ya kumi na tatu," Frederick alieleza. "Kizimba kimoja kinapewa maji matupu. Vitatu vinapewa dawa: kidogo, wastani na nyingi. Waliokufa ni wa dawa peke yao."

"Basi mzee ana hatia."

"Ndivyo inavyoonekana. Itanibidi niandike hivyo."

Munyaneza alifungua daftari la jaribio. Kila siku uzito wa kila panya ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko safi wa Béatha Umulisa, fundi wa maabara. Kwa siku kumi na mbili panya wote walikuwa wakinenepa.

"Dokta, kipimo kikubwa ni mara ngapi ya kile kidogo?"

"Mara ishirini."

"Na wote wakafa siku moja?"

Munyaneza aliinama kwenye kizimba cha kipimo kidogo, akanusa bakuli la chakula. Akanusa na mabakuli mengine mawili.

"Mnawalisha vitunguu saumu?"

"Hapana." Frederick alinusa, uso ukambadilika. "Hiyo ni sumu ya panya ya sokoni. Ndiyo yenye harufu hii."

"Dawa ya mzee mnaichanganya na chakula?"

"Hata kidogo. Inapitishwa mdomoni kwa bomba mpaka tumboni."

Kopo la sumu ya panya lilipatikana kwenye kibanda cha Rwema, mlinzi wa getini. Rwema alikiri ni lake. Alilinunua kwa sababu ya panya waliokuwa wakimlia mahindi. Kila mfanyakazi aliyepita kibandani kunywa chai alilijua.

"Nani walifika Jumamosi na Jumapili?" Munyaneza aliuliza.

"Jumamosi alikuja mama wa yule mtoto marehemu, Mukandayisenga. Alilia hapa getini. Madamu Béatha akatoka, wakakumbatiana muda mrefu. Yule mama hakuingia ndani."

"Na Jumapili?"

"Madamu Béatha peke yake, saa kumi alasiri. Alikuja kuwalisha."

"Wewe uliingia?"

"Ufunguo sina, Inspekta."

Frederick alimvuta Munyaneza kando. "Huyu mlinzi ana kopo. Na mama wa mtoto ana uchungu. Huenda walipatana."

"Vizimba vina herufi tu, na havikupangwa kwa mfuatano. Rwema angejuaje kipi ni cha maji, akiruke?"

"Hilo tunalijua wawili. Mimi na Béatha. Nami nilikuwa Butare tangu Ijumaa. Lakini Béatha ndiye aliyewalea. Anao uhasama gani na mzee?"

Saa tano na nusu Munyaneza alikuwa Kabuga. Mukandayisenga aliuza njegere sokoni. Alimkuta ameketi nyuma ya magunia, hawaiti wateja.

"Jumamosi ulikwenda maabara kufanya nini?"

"Kumwona rafiki yangu Béatha. Ni mama wa ubatizo wa Kaliza. Baba yangu alipofariki nilikwenda Kibungo kumzika, mtoto nikamwachia yeye."

"Kwa hiyo Béatha ndiye aliyeinunua dawa?"

"Ndiye. Kaliza alikuwa anaharisha."

"Mbona jina lake halimo kwenye faili?"

"Waliniuliza nani aliuza dawa. Hawakuniuliza nani alimnywesha."

Alipoambiwa habari za panya, mama yule alifunga magunia yake, akasema anakwenda naye. Munyaneza hakumkatalia.

Walipitia kwanza mahabusu. Mzee Usumani alikuwa amekonda, sauti imebaki ileile ya upole.

"Alikuja mama aliyejifunika kitenge kichwani, mvua inanyesha. Nikamwambia: mtoto akiharisha mpaka kesho, achana na dawa yangu, kimbilia hospitali. Haya nimeyasema tangu Januari, mwanangu. Waliyaandika, lakini sidhani kama waliyasoma."

Saa tisa alasiri walirudi Niboye. Mukandayisenga alibaki kwenye benchi la getini. Ndani, Béatha alikuwa anaosha vizimba vitupu. Frederick alisimama dirishani.

"Béatha," Munyaneza alisema, "ungetaka kudanganya, ungeandika uwongo daftarini tangu siku ya kwanza. Kwa nini uliandika ukweli?"

Aliweka kizimba chini, akakausha mikono taratibu.

"Kwa sababu nilikuwa na hakika watakufa. Kila siku niliwashika mmoja mmoja, nikawanywesha, nikangoja. Nilitaka afe hata mmoja. Wakanenepa. Jana nikalichukua kopo la Rwema."

"Ulijua mzee angefungwa miaka mingi."

"Nilijua. Lakini kama dawa haina kosa, Inspekta, kosa ni la nani?"

Munyaneza alilifunga daftari la jaribio.

"Mzee alinionya," aliendelea. "Mvua ilikuwa kubwa, na hospitali ni mbali. Nikasema kesho. Kesho yake Kaliza alinyamaza, nikadhani amepata nafuu, nikasema tena kesho. Nilipomfikisha, daktari alisema mwili umekauka maji. Mama yake aliporudi, nilimwambia ni dawa. Jumamosi alinishukuru, Inspekta. Alinishika pale getini akanishukuru kwa kumtunza mwanawe."

Frederick aligeuza uso. Munyaneza alitoa karatasi, akaandika maelezo yake, akamsomea, naye akatia sahihi bila kubishana. Kisha Béatha akaomba jambo moja: amwambie mama wa Kaliza yeye mwenyewe.

Mukandayisenga aliitwa ndani. Béatha alimweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea, kuanzia onyo la mzee mpaka siku zile mbili. Mama wa Kaliza alisikiliza amekunja mikono ndani ya kitenge. Frederick akamsogezea kiti. Hakukikalia.

"Siku ya pili," alisema hatimaye, "kabla hajanyamaza. Aliniulizia?"

Béatha alitazama vizimba vitupu.

"Niambie tu."

"Aliuliza asubuhi," Béatha alisema. "Nikamwambia uko njiani."

Mukandayisenga aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea salamu iliyochelewa, akavuta kiti, akaketi.