Tyubu ya Kitimwendo cha Hilda

Kila asubuhi Anastazia humpitia rafiki yake Hilda, akamsukuma kwenye kitimwendo hadi shuleni, hapa Mkonze. Ijumaa hiyo alimkuta barazani, macho yamemvimba kwa kulia. Tyubu ya gurudumu moja ilikuwa imechanika, na fundi baiskeli alisema haizibiki tena. Madukani hapakuwa na saizi ile. Na mchana huo Hilda ndiye aliyetakiwa kuongoza timu yao kwenye mdahalo kati ya shule, kule Makole.

"Nikabebwe mgongoni mbele ya watu wote?" alisema Hilda. "Siendi."

Anastazia alipofikisha habari shuleni, Mwalimu Ernest aliwaruhusu wanafunzi wenzake Hilda kwenda kutafuta tyubu. Walitawanyika mbio, kila mmoja akibisha hodi anapopajua. Anastazia alifika kwa Mama Kuluthumu, muuza maandazi.

"Shikamoo, mama. Tunatafuta..."

"Marahaba. Tyubu! Wewe ni wa tano. Sina, jamani, niacheni nikaange!"

Anastazia alishtuka. Kumbe walikuwa wakiuliza nyumba zilezile, na wakiambiwa "sina" wanageuka na kuondoka. Yeye hakuondoka.

"Samahani, mama. Unamfahamu yeyote aliyewahi kuwa na kiti kama kile?"

Mama Kuluthumu aliweka mwiko chini. "Nenda kwa Elieth, jirani na kanisa. Alikuwa akimuuguza shangazi yake."

Anastazia aliwatuma wenzake wawili aliokutana nao njiani wakawaambie wengine wasisumbue watu tena, naye akakimbilia kwa Elieth.

"Kiti kipo kwa mume wa marehemu shangazi," Elieth alimwelekeza. "Mzee Bartolomayo, nyuma ya shamba la zabibu."

Mzee Bartolomayo alimsikiliza, kisha akafungua stoo na kukivuta kiti kilichojaa vumbi. Aliupangusa mkono wa kiti polepole.

"Chukua magurudumu yote mawili, mjukuu wangu. Mimi sina wa kumsukuma tena."

Fundi baiskeli aliyafunga magurudumu hayo kwenye kiti cha Hilda, na mchana Hilda aliingia ukumbini akijisukuma mwenyewe, kichwa juu. Alijenga hoja zake moja baada ya nyingine. Shule yao ilipotangazwa mshindi, ukumbi mzima ulilipuka kwa vigelegele.

Mwalimu Ernest aliwakusanya nje, uso umejaa furaha.

"Leo wote mmekimbia kwa bidii, nawapongeza. Lakini bidii bila kufikiri huchosha miguu yenu na masikio ya majirani. Mtu akikosa mnachotafuta, huenda anamjua aliye nacho. Muulizeni kwa adabu, msikilizeni, kisha fuateni njia anayowaonyesha. Anastazia alifanya hivyo, na Hilda ametuletea ushindi."