Salamu za Kipupwe

Mashine iliitwa Kipupwe, na kazi yake ilikuwa kupoza mji mzima. Minara yake ilifyonza joto la Uzunguni, mtaa wa kilimani, hata watu wakavaa sweta mwezi wa Februari. Lakini joto haliuawi, huhamishwa tu. Kipupwe chenyewe kilichagua pa kulipeleka: kila adhuhuri kiliuliza hali katika kila nyumba kupitia kisikizi cha ukutani. Waliolalamika walipozwa. Walioridhika walipelekewa joto.

Mhandisi Sikudhani, aliyekibuni, aliona hiyo ni haki tupu.

Mchana mmoja jirani alimpigia simu: Bi Mwanahawa, shangazi yake aliyemlea, ameanguka jikoni. Sikudhani alikimbilia Bondeni. Mtaa huo ulianzishwa na watawala wa kale, waliojitwalia kilima chenye upepo na kuwaweka vibarua wao chini. Baadaye ukaletewa jaa la taka, kisha moshi wa viwanda. Kila mji ulipokua, Bondeni ilipokea makapi yake. Sasa hewa ilichoma pua.

Shangazi alilazwa mkekani, midomo imemkauka, jirani akimpepea huku wakingoja daktari. Kisikizi kikalia.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa. Hali yako?"

Shangazi alifumbua macho kwa shida. "Marahaba, baba. Njema, alhamdulillahi."

Kisikizi kilishukuru, kikakata. Bomba la joto mwisho wa mtaa likanguruma zaidi.

"Shangazi! Njema gani, nawe unakufa?"

"Mwanangu, mtu akikujulia hali utamtupia shida zako mlangoni? Unasema njema kwanza. Akishakaa, akanywa maji, ndipo unamweleza."

"Hiki hakikai, shangazi."

"Basi hakikufunzwa adabu."

Sikudhani alishikwa na aibu. Aliyekifunza ni yeye, mtoto wa Bondeni, na hakukumbuka kwamba kwao hata msibani watu huanza na njema.

Simu yake ikaita. Alikuwa mkurugenzi, mwenye funguo za minara. "Mhandisi, habari za huko?"

"Nzuri," alijibu, kabla hajafikiri.

Akamtazama shangazi yake, machozi yakamtoka. "Hapana, mkuu. Mbaya. Mbaya sana. Zima minara, watu wanakufa huku."

"Uzunguni watalalamika."

"Walalamike. Leo na sisi tunalalamika."

Mkurugenzi alikata simu. Baada ya kitambo bomba likanyamaza, na jirani akaacha kupepea ili asikilize.

Bi Mwanahawa aliufinya mkono wa Sikudhani. "Ungemwacha akae kwanza," alinong'ona.