Sikuli na Breki Yake

Sikuli huendesha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili. Hupakia viazi kule Kibumba na kuteremka navyo hadi Goma. Njiani huimba, ingawa sauti yake, tuseme ukweli, si ya kwaya.

Zamani hakuimba. Mgongo ulimuuma, akaanza kumeza tramadol. Alianza na kidonge kimoja, vikawa vitano, mwishowe hakuweza kuamka bila vidonge. Sasa ana miezi minane hajavigusa. Kila asubuhi hupita kituo cha afya, hunywa dawa iitwayo metadoni mbele ya muuguzi, kisha huenda kazini.

Jumatano ya Majivu, familia ilikaa pamoja. Kila mtu ataacha nini wakati wa Kwaresima? Rosine, mke wa Sikuli, alichagua nyama. Mama Thérèse, mama yake Sikuli, alichagua sukari, akahema.

"Na weye, Sikuli," mama alisema, "utaacha ile dawa."

"Dawa, mama?"

"Eh! Miezi munane unakunywa tu! Majirani banasema umetoka mu tramadol, umeingia mu ingine. Nikipita, banacheka."

Sikuli aliona haya, akakubali.

Siku ya tatu jasho lilimtoka, tumbo likamkata, miguu ikatetemeka. Chukudu ilibaki ukutani. Mchana alianza kuvaa viatu.

"Unaenda wapi?" Rosine aliuliza.

"Kutafuta tramadol. Moja tu, Rosine. Siwezi tena."

Rosine alishikwa na hofu. Alisimama mlangoni na kumwita jirani yao Ernestine, muuguzi wa kile kituo. Ernestine alikuja mbio, mikono imejaa unga wa ugali.

"Alikunywa dawa lini?"

"Siku mbili zimepita," Rosine alijibu.

"Ni miye nilimuambia aache," Mama Thérèse alisema polepole. "Ju ya Kwaresima."

Ernestine hakujua acheke au alie.

"Mama Thérèse, weye unakunywa dawa ya tension, ile presha yako, kila siku. Mbona haukuiacha?"

"Ile ni ugonjwa!"

"Na hii ni ugonjwa. Tramadol ilibadilisha mwili wake. Metadoni inautuliza, ndiyo maana anafanya kazi, anakula, analala. Sikuli, chukudu ikishuka vizuri mpaka katikati ya mulima, unatoa breki?"

Sikuli alicheka huku akitetemeka. "Mutu gani wa akili atatoa breki?"

"Basi! Siku ya kupunguza, tutaamua pamoja pale centre, pole pole. Hata kama ni miaka."

Mama Thérèse alijifunga kitenge chake kizuri, akamshika Sikuli mkono. Majirani walitazama.

"Munaangalia nini?" alisema kwa sauti. "Ninapeleka mutoto wangu kwa dawa!"

Kituoni, Sikuli aliomba anywe pia dawa ya siku alizokosa.

"Hapana," Ernestine alisema. "Kuzidisha kunaweza kuua. Kipimo ni sisi tunaamua."

Baada ya siku chache Sikuli alirudi barabarani. Mama Thérèse naye aliamua kuacha kitu kingine zaidi ya sukari: kusema watu. Alikiri kwamba sukari ilikuwa rahisi zaidi.

Siku ya Pasaka jirani mmoja alimuuliza, "Mutoto wako angali anakunywa ile dawa?"

"Anakunywa. Na miye ninakunywa yangu ya tension. Kuja, tukunywe chai."

Kesho yake jioni sauti ilisikika kutoka mtaani, mbaya kama kawaida. Mama Thérèse aliitambua kabla ya kuona chukudu. Alitabasamu, akatia sukari vijiko vitatu katika kikombe cha mwanawe.