Ng'ombe wa Mdogo Wangu Waliishia Gereji

Nina miaka arobaini na sita. Nilimaliza kidato cha nne, nikafunga begi, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Nimepakia samaki Muhuru Bay, nimeosha mchanga wa dhahabu Osiri, nimeuza mitumba Rongo. Wenzangu walijenga... mimi nilikuwa nikikumbuka nilikotoka na kuwaza ninakokwenda.

Naandika haya nikiwa na kinyaa. Nina kinyaa na fundi mmoja, ndiyo. Lakini zaidi nina kinyaa na mimi mwenyewe.

Dada yetu Apiyo alipoolewa, ng'ombe sita waliingia bomani kwa mama. Kwetu Waluo, ng'ombe wa mahari ya dada ndio hutumika kumtolea kaka yake mahari. Mimi nilikuwa nimeshaoa na kuachwa, kwa hiyo wale walikuwa wa mdogo wangu Okoth. Alikuwa na mchumba Rongo. Wakwe walishakubali, na kilichobaki ni kuwapeleka ng'ombe baada ya mavuno.

Nikamwendea mama na maneno matamu. Tuuze ng'ombe, tununue matatu ya zamani ya abiria kumi na wanne, nipige barabara ya Migori na Homa Bay. Kufikia mavuno tutarudisha ng'ombe sita, na wa saba wa maziwa! Mama alisitasita. Ni Okoth aliyeniunga mkono. Aliniambia tangu baba afariki, mimi ndiye baba yake.

Gari lenyewe... nikilikumbuka natema mate. Kabla ya kubeba watu lilikuwa limebeba samaki. Niliinua zulia nikakuta maji ya barafu na samaki yameila sakafu, nikaona barabara kwa macho yangu. Jua likiwaka, harufu ilipanda hadi abiria wakafunika pua. Mlango wa kuteleza ulifungwa kwa kamba. Wiki ya kwanza bushi za magurudumu ziliisha, ya pili shokabsoba, kisha gia ya tatu ikakataa kuingia, kisha redieta ikaanza kuchemka. Kila nilichotengeneza kiliamsha ugonjwa wa jirani yake. Mapato ya asubuhi yaliishia kwa muuza spea jioni.

Kitu kimoja tu kilikuwa kizima: pampu ya dizeli. Aliyeniuzia alikuwa ameifunga mpya karibuni, na bei ya pampu kama ile ni ya fahali.

Sasa, huku kwetu kila mwenye gari kuukuu anajua sheria moja. Fundi hukaliwa. Unanunua chai, unaketi juu ya tairi, na huondoki mpaka boneti ifungwe. Mimi sikukaa. Fundi wangu wa Homa Bay, Ouma, tulisoma naye, tukalala kitanda kimoja bwenini blanketi zilipokosa kutosha. Kumkalia mtu kama huyo niliona ni kumtukana. Basi nilimwachia ufunguo, nikaenda Muhuru Bay kutazama mahali nilipokuwa kijana. Siku tatu zikawa wiki tatu.

Niliporudi, gia iliingia vizuri, lakini gari halikupanda hata kilima kidogo. Moshi mweusi tititi! Ouma akasema pampu imezeeka. Nikaamini... Nikaenda Sori kutafuta nyingine ya bei nafuu.

Pale Sori niliingia hoteli moja kula samaki. Meza ya jirani dereva mmoja alikuwa akijisifu kwa wenzake.

"Ouma wa Homa Bay amenifungia pampu karibu mpya. Imetoka kwa jamaa fulani, anaacha gari gereji anaenda kutalii ziwa."

"Huyo jamaa ana wazimu?"

"Hapana. Ana urafiki."

Walicheka mpaka wakagonga meza. Mimi nilimeza mwiba.

Nikarudi Homa Bay, nikamkuta Ouma chini ya gari. Hata hakutoka.

"Omera, ndugu yangu, mbona unapandisha sauti?" alisema. "Gari linalolala hapa hulisaidia linalotembea. Ungekaa, ungeona." Kisha akanyoosha spana kuelekea gari jeupe ukutani. "Lile ni la mama muuza dagaa wa omena kutoka Muhuru. Yuko kwao kwa matanga. Pampu yake nzima. Chukua hiyo, yeye nitamtafutia."

Ningemtemea mate, sivyo? Ningeenda polisi? Msomaji, nilimshikia spana.

Tulipomaliza, mwenye gari jeupe akafika. Mama mjane, akaketi juu ya gunia lake, viatu vimejaa vumbi. Aliniuliza kwa unyonge kama fundi huyu anaaminika, kwa kuwa gari lile ndilo pekee alilobaki nalo. Nikamjibu ni mtu mzuri, nimesoma naye. Kisha nikawasha gari, pampu yake ikiunguruma mbele yangu, nikaondoka.

Nilitembea nalo siku kumi na moja. Siku ya mwisho oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Injini ilikuwa imepasuka ndani, maana kila redieta ilipochemka nilikuwa nikiimwagia maji baridi ya ziwa kwa mtungi. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakalipima gari lote kwa mizani, pampu ya yule mama ikiwemo. Pesa walizonipa hazikutosha hata ndama.

Mavuno yakapita. Wakwe wakangoja mwezi mzima, kisha msichana akaolewa na mtu wa Awendo aliyekuwa na ng'ombe tayari. Okoth hakunitukana. Alienda Osiri, na sasa anashuka mashimoni kutafuta dhahabu ya kununua ng'ombe wake mwenyewe. Simu zangu hapokei. Kila uvumi wa shimo kuporomoka ukitufikia, mama huacha anachofanya na kunitazama.

Nimekwenda Muhuru Bay mara mbili kumwona yule mama. Mara zote mbili nilimwona kwa mbali akianika omena. Mara zote mbili niligeuka nikarudi.

Ndugu zangu, ukitaka gari kuukuu, linunue kwa ng'ombe wako, si wa mdogo wako. Mkalie fundi hata kama mlinyonya titi moja. Na ukishaibiwa, umia, ulie, lakini ikomee kwako. Usiende kuyalipiza kwa mtu aliyekaa juu ya gunia akikuuliza ukweli.