Simba wa Texas

Bisha. Bisha sasa hivi kabla sijaanza, maana najua una domo na una vyeti. Mimi shule niliitoroka mapema, lakini bastola mbovu nazijua kuliko mwalimu wako anavyoujua ubao. Na ninachokwambia kilitokea huku kwetu milimani Kentucky, Jumapili, mchana kweupe, watu wametoka kanisani.

Kuna kijana anaitwa Arlis Combs, mtambuzi wa bastola za zamani. Si zile nzuri. Zile takataka zilizoletwa kwa meli kutoka Ulaya miaka mia na ushee iliyopita, zikauzwa kwa bei ya soksi. Kila familia huku inayo moja, na kila familia inaapa ni ya babu aliyekuwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya. Wanamletea imeviringishwa taulo kama kichanga.

"Arlis, hii si elfu tano hii?"

Anaigeuza mara moja tu. "Dola thelathini. Ukiniachia na taulo, thelathini na mbili."

Jumapili hiyo Verdie Slone alimpigia simu, ananong'ona.

"Njoo, Arlis. Baba kaokota bastola kwenye kopo, alipokuwa anabomoa banda la kuku."

"Mwambie airudishe kwenye kopo."

"Haiachii! Tangu Ijumaa haiachii. Kalala nayo mkononi. Halafu inanuka."

"Inanuka nini?"

"Kama kiberiti kilichowashiwa ndani ya mdomo wa mtu."

Arlis alicheka njia nzima mpaka mlangoni. Jikoni maharage yalikuwa yamepoa, mkate wa mahindi haujaguswa, na Mzee Estill, baba yake Verdie, amekaa kitini, macho wazi, mdomo wa bastola umegusa kidevu chake mwenyewe. Mchungaji Burl alikuwa amejibanza nyuma ya friji na Biblia yake kifuani. Mtu wa Mungu, tumbo lote liko nje.

"Pepo lazima umwite kwa jina," mchungaji akanong'ona. "Limeandikwa hapo kwenye mtutu, Simba wa Texas. Nimeamuru mara tatu, Simba wa Texas, toka! Kila nikisema, mzee anafyatua. Ta! Tupu. Ta! Tupu."

"Mchungaji, Texas umewahi kuona simba?"

"Mimi Texas sijafika."

"Hata aliyeandika hajafika. Hilo si jina, ni uongo wa kuuzia. Umeliita jini kwa jina la bandia mara tatu, halafu unashangaa limenuna?"

Arlis akainama. Nikeli inabanduka kama magamba ya samaki, skrubu zimelika vichwa, silinda inacheza kama jino la mtoto. Chuma cha kikaangio. Matundu matano ya risasi. Kisha, kwenye upenyo wa nyuma ya silinda, akaona ukingo wa shaba. Risasi moja tu, na zamu inayofuata ilikuwa ya risasi hiyo.

Kicheko kikamwisha.

"Bei yangu?"

Midomo ya mzee haikutikisika. Sauti ilitoka ndani ya mtutu, nyembamba, kama ya fundi anayeongea na misumari mdomoni.

"Thelathini," akanong'ona Arlis, maana ubishi ni ugonjwa.

Nyundo ya bastola ikajivuta nyuma taratibu.

"Muongeze!" Verdie akalia kwa sauti ya chini. "Baba yangu huyo!"

"Ni takataka, Verdie."

"Sema mia basi, mwanaharamu we!"

"Taja jina langu," ikasema sauti.

Ubavuni mwa silinda Arlis aliona muhuri mdogo kama yai lenye taji, alama ya Liège, Ubelgiji, lakini huo ni muhuri wa walioijaribu, si wa aliyeitengeneza, na alama ya fundi ilikuwa chini kabisa ya mpini, pale pale kidole kidogo cha mzee kilipokaza, kwa hiyo ikabidi apige magoti, akibinye kile kidole kilichokuwa baridi kama nyama ya friji, akiinue unywele kwa unywele, huku harufu ya kiberiti ikimwingia mpaka kooni, na nyundo inatetemeka juu ya shaba, na kitu kisichoonekana kinampumulia sikioni, polepole, kama kinahesabu nywele zake.

"N.V.," akasoma. "Wewe ni N.V. wa Liège. Uliundwa jikoni kwa fundi masikini, na simba hukumwona maishani mwako."

Mkono ukafunguka. Bastola ikaanguka mezani, nyundo ikarudi polepole bila kulia.

Mzee Estill akapepesa macho. "Verdie, haya maharage mbona yamepoa?"

Arlis akatoa risasi, akaivunjavunja ile takataka, vipande akavitupa kwenye shimo la mgodi uliofungwa.

Haya, bisha tena.

Ila kuna kipande nimekiruka. Kabla mkono haujafunguka, sauti iliuliza, "Na wewe je, unaitwa nani?" Ikajibiwa: Arlis Combs. Sasa, Arlis hakuingia jikoni. Arlis ni binamu yangu, alikuwa nje kwenye pikapu, kalala. Verdie alinipigia mimi. Kidole nilikiinua mimi, na jina nililitaja mimi. Ndiyo maana nikisimulia nasema Arlis hivi, Arlis vile, lile jini lisije likasikia vingine.

Leo ni siku ya nne Arlis amekunja ngumi ya kulia, na ndani ya ngumi hamna kitu, tumechungulia. Haongei. Mama mkubwa, mama yake Arlis, ameambiwa yote na Verdie. Amenipigia asubuhi, analia, nikaseme tu mbele ya mwanawe jina halisi la mtu aliyekuwa jikoni.

Nimemwambia niko kazini.