Zinasikia Mbali

Jua la Desemba lilikuwa linazama mapema, kama kawaida yake, Peris Nkirote alipoegesha gari mbele ya ghorofa moja kuukuu ya matofali huko Hopkins, Amerika. Alikuwa amekuja kununua hedifoni. Basi, ni hilo tu. Hedifoni za kuchezea gemu, zilizokwisha kutumika, zilizotangazwa mtandaoni na mama mmoja aitwaye Reine.

Kanisani hakuna aliyejua kwamba Peris anacheza gemu. Muuguzi mzima, kiongozi wa maombi ya akina mama, kila Jumamosi jioni anajifungia kwake mjini Crystal akiwinda watu kwa bunduki za uongo. Lakini hazikuwa bunduki zilizomvuta. Ni mdogo wake, Muriuki, aliyebaki Meru. Peris hakuwa amerudi nyumbani tangu aondoke, maana makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado yanazungushwa maofisini, na humo ndani ya gemu ndimo walimokutana. Walikimbia pamoja katika magofu ya mji usiokuwepo duniani, wakipiga soga kwa maiki, wakicheka hadi machozi.

Sasa gemu ile ilikuwa gemu ya masikio. Usipomsikia adui anavyokunyatia, umekufa. Na hedifoni za Peris zilikuwa zimeharibika upande mmoja, kwa hiyo kila mara aliuawa kwa nyuma.

"Nataka kununua nyingine," alimwambia Muriuki.

"Za nini, sis? Maiki si bado inafanya? Mimi nakusikia poa sana."

Peris alidhani anamwonea huruma tu.

Aliyempa ushauri ni Walter, Mtanzania aliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, ambaye naye alikuwa mgonjwa wa gemu. "Usidanganyike na hizo zenye mataa," Walter alimwambia wakati wa chakula. "Achana na zisizo na waya, sauti inachelewa kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachokuua. Besi nyingi pia hapana, inafunika nyayo. Tafuta zilizo wazi kwa nyuma, nyepesi, zisizobana miwani. Halafu fumba macho. Ukiweza kumwonyesha kwa kidole yule anayekuja alipo, hizo nunua."

Peris akajibu kitu.

"Unasemaje? Sikusikii."

Hilo nalo lilikuwa limeshakuwa jambo la kila siku. Tangu Pasaka sauti ya Peris ilikuwa inamtoka. Haikukauka kama ya mtu mwenye mafua. Ilipungua tu, kama maji kwenye ndoo yenye tundu. Wazee aliowahudumia walimwomba arudie, kisha wakachoka kumwomba. Daktari alimpitisha kamera kooni, akamwambia hakuna kitu, labda apumzike. Kwaya alishaiacha. Kilichomfariji ni kwamba mwaka huohuo Mungu alikuwa ameitembelea familia yao kwa namna nyingine. Stacy, binti wa Muriuki aliyezaliwa bubu, ambaye Peris alikuwa akifunga na kumwombea miaka yote, alikuwa ameanza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji". Peris aliliangalia tukio hilo kwenye simu akalia kwa furaha.

Duka kubwa la vifaa vya umeme alilitembelea, akazijaribu hedifoni moja baada ya nyingine. Hizi nzito kama helmeti. Hizi zinabana miwani hadi kichwa kinagonga. Hizi tamu kwa muziki, lakini nyayo zote zinatokea katikati ya kichwa, hujui mbele wala nyuma. Akatoka mikono mitupu. Ndipo akaliona tangazo la Reine.

Reine alifungua mlango nusu. Mama mwembamba, kitenge kiunoni, sweta juu. Ndani, mwanamume alikuwa ameketi mbele ya televisheni isiyo na sauti. Masikioni alikuwa amejaza pamba.

"Karibu, dada. Ni ya bwana yangu hii." Alisema kwa Kiswahili cha Lubumbashi, taratibu, kama anayechagua pa kukanyaga. "Alikuwa anaipenda sana. Ni ya muzuri. Inasikia mbali."

"Naweza kuijaribu?"

Reine akamtazama mumewe, kisha akavuta mlango nyuma yake, wakabaki wote wawili kwenye korido. Peris akachomeka waya kwenye simu, akavaa. Nyepesi. Laini. Zilinuka kidogo… kama majivu yaliyomwagiwa maji. Akafumba macho, akacheza ile rekodi ya nyayo aliyopewa na Walter. Mtu akapita kushoto. Akazunguka nyuma. Akasimama karibu na sikio la kulia. Peris akainua kidole, na kidole hakikukosea hata mara moja.

"Mbona anaziuza?" akauliza.

Reine alikuwa amejiinamia. "Alisikia mambo ya kwao. Tangu siku ile hataki kusikia tena."

"Mambo gani?"

"Dada, ukiipenda, beba. Usipoipenda, acha."

Peris akazibeba.

Alipofika Crystal giza lilikuwa limeshaingia, ingawa majirani walikuwa ndio kwanza wanapika. Kwao Meru ilikuwa usiku wa manane. Muriuki alipenda kucheza saa hizo, alisema mtandao unakuwa mwepesi watu wakilala. Peris akawasha kompyuta, akachomeka hedifoni, akaingia.

"Sis. Umefika?"

Peris akashtuka. Sauti ya Muriuki haikuwa tena ile ya kopo. Ilikuwa na chumba ndani yake. Alisikia bati likitatarika kwa baridi juu ya paa la mama yao. Alisikia kiti kikilia. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika ya Muriuki, pale mezani, maana Muriuki hakuwahi kutumia hedifoni.

"Nimefika," akasema.

Nyuma ya Muriuki, kitu kikakwaruza. Udongo juu ya udongo.

Peris akanyamaza, apate kusikiliza.

*Ko.*

Kikajifunga.

"Sis? Mbona kimya? Ongea basi."

"Nipo. Mtandao tu."

Kwaruuu… Kikafunguka tena.

Aliponyamaza… *Ko.*

Peris akafumba macho. Hakujua kwa nini alikiinua kidole, lakini kilienda chenyewe. Nyuma ya Muriuki. Kushoto. Chini, sakafuni. Mfuniko wa chungu.

Akaendelea kucheza. Mikono ilijua la kufanya, akili haikuwepo. Nyayo zikatokea, na hazikuwa za gemu. Ndala. Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuzwa. Mwendo huo aliujua kabla hajajua kutembea yeye mwenyewe. Mama yao alivunjika nyonga zamani.

Kisha mnong'ono, wa Kimeru.

"Hakijajaa. Mfanye acheke. Kicheko ndicho kinachojaza."

Muriuki akakohoa kidogo. Halafu akaanza, kwa ile sauti yake ya utani. "Sis, nilikwambia kuhusu mwalimu na nyuki? Hii lazima uisikie."

Akasimulia. Mwalimu mkuu kapanda mti kufukuza nyuki ili wageni wa wizara wasiumwe, suruali ikabaki juu, yeye akashuka. Muriuki alijua kusimulia tangu utotoni. Peris aliuma midomo. Machozi yalikuwa yanamtoka. Na bado, Muriuki alipofika pale mwalimu anapoimba wimbo wa taifa amejifunika kwa bendera, kicheko kilimponyoka. Kidogo tu. Cha puani.

Kooni kitu kikavutwa, kama uzi unaochomolewa kwenye nguo.

Na huko Meru, kutoka sakafuni, kushoto, mtoto akacheka.

Kilikuwa kicheko cha Peris. Kile cha puani kinachopanda mwishoni, ambacho baba yao alikuwa akimtania nacho. Kilitoka katika kifua kidogo cha mtoto ambaye saa hizo alipaswa kuwa amelala.

Chumbani Crystal kukaanza kunuka majivu mabichi.

"Mami," Peris akasema.

Ndala zikasimama.

"Mami, nawasikia."

Mfuniko haukufungwa. Kiti kililia, Muriuki akiinuka. Halafu zile ndala zikaja, moja inakanyaga, moja inaburuzwa, hadi pumzi ya mama yake ikawa kwenye maiki. Ni kama alikuwa amesimama begani kwake.

"Nkirote."

"Mnanifanyia nini, Mami?"

"Wewe una Amerika," mama alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayegawa chakula. "Una kazi, una gari, una watu wanaokuita sista. Huyu mtoto alikuwa na nini? Watoto wenzake walimtupia mawe. Ungemwona jana akiagiza chumvi dukani, mwenyewe."

"Mngeniuliza."

"Ungekubali?"

Peris akafungua mdomo, kisha akaufunga. Chungu kilikuwa bado wazi.

"Sis." Sasa ni Muriuki, analia. Sauti ilikuwa ya mdogo wake kabisa, yule ambaye Peris alimbeba mgongoni. "Sis, usinyamaze hivyo. Sauti ya Stacy karibu inatimia. Kasirika basi. Nitukane. Hata matusi ni sauti."

Mtoto akasema, polepole, kama aliyefundishwa, "Shangazi, ongea."

Kwa sauti ya Peris.

Peris akauvuta waya kwa nguvu, hedifoni zikaanguka chini. Chumba kikabaki na mlio wa friji, na mahali fulani ghorofa ya juu, jirani akicheka na wageni wake.

Hakuingia tena kwenye gemu. Simu kutoka nyumbani aliziacha zilie. Wiki zikapita, theluji ikajaa, na sauti ya Peris ikaanza kurudi. Mwanzoni asubuhi tu. Halafu hadi adhuhuri. Kufikia Februari wazee walimwambia asipige kelele. Kanisani mchungaji alimsimamisha mbele atoe ushuhuda, watu wakapiga makofi, wakamrudisha kwaya palepale. Peris alishukuru kwa maneno machache. Kicheko hakikurudi. Watu walipotania, alitabasamu na kusubiri waishe.

Hedifoni aliziweka kabatini, ndani ya taulo. Siku moja alimuuliza Walter, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida, kama hedifoni inaweza kukusikilizisha kitu ambacho hakipo.

Walter akacheka. "Zile mbovu ndizo zinazoongeza vitu. Nzuri haiongezi chochote. Inakuonyesha tu kilichokuwepo siku zote."

Peris alikwenda chooni akakaa humo hadi mapumziko yakaisha.

Ujumbe wa Muriuki uliingia mwezi huohuo. Hakukuwa na maneno, ni video tu. Stacy amesimama mlangoni, amevaa sare mpya ya shule. Anafungua mdomo. Hakitoki kitu. Anajaribu tena, shingo imekakamaa, kisha anamgeukia bibi yake kwa mshangao, kama mtoto aliyenyang'anywa pipi na mtu anayempenda. Peris aliitazama hadi betri ikaisha.

Alitaka kuomba, akashindwa kujua aombe nini. Mtoto alikuwa hana kosa. Sauti ilikuwa ya Peris mwenyewe. Mama alikuwa mama. Kila alipoanza sala, ilifika katikati ikakosa pa kwenda. Wakati mwingine alijiambia kwamba hakuna kilichotokea, kwamba alikuwa amechoka kwa zamu mbilimbili, kwamba kuna watoto wanaoanza kusema wakaacha, na vitabu vya udaktari vinawataja. Alikuwa muuguzi, vitabu hivyo alivisoma. Kisha angejisikia akimwita mgonjwa kwa sauti safi, nzima, iliyoijaza korido, na jina angelimalizia kwa kunong'ona.

Jioni moja ya Machi alikuwa amekwenda Anoka kumwona mgonjwa nyumbani kwake. Alipotoka, anga lilikuwa la kijivu na mto ulikuwa bado una barafu. Akaingia garini, akafunga mkanda. Simu ikalia. Namba ya mama.

Safari hii aliipokea. Hata yeye hakuweza baadaye kueleza kwa nini. Aliiweka sikioni, hakusema neno.

Upande wa pili kulikuwa na pumzi mbili.

Moja nzito, ya mtu mzima. Nyingine ndogo, ya haraka, karibu sana na simu. Pumzi inayojaribu. Inapanda, inafika mahali, inakwama. Inaanza upya.

Kidole cha Peris kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Hakikushuka.

"Nkirote," mama akasema mwishowe, kwa upole, kama enzi zile alipokuwa akimbembeleza anywe dawa. "Najua uko hapo. Sikuombi useme kitu, mwanangu."

Kwa mbali, udongo ukakwaruza juu ya udongo.

"Kohoa tu."

Peris akajiziba mdomo kwa kiganja. Nje, taa za barabara za Anoka zilikuwa zinawaka moja baada ya nyingine. Ile pumzi ndogo ilipanda, ikakwama, ikangoja.

Koo likaanza kumwasha.