Alama Tatu za Kumbukumbu

Haya yalimpata kaka yangu Mutsinzi, tumbo moja na mimi. Sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwepo, na sehemu yangu nitaisema.

Jumapili moja ya masika ya mwaka tisini na mbili tulitoka misa ya pili, tukala viazi na maharage nyumbani, kisha tukashuka hadi gereji moja ya Gikondo ambako rafiki yetu Évode alikuwa mtunza stoo. Humo ndani, kati ya rejeta mbovu na mikebe ya grisi, alikuwa na meza na viti vitatu. Juu ya meza aliweka sanduku la mchezo. Fundi mmoja Mbelgiji alimwachia alipoondoka nchini, vita vilipoanza mpakani. Ulikuwa mchezo wa kuigiza kwa mdomo: Évode anasimulia nchi ya ngome na mazimwi, na sisi kila mmoja anajitengenezea mtu wa kuingia naye humo, kwenye karatasi. Kete ndizo zinazoamua nani anapiga na nani anapigwa.

Mimi nilijitengenezea mganga. Mutsinzi alitaka mpiganaji wa mstari wa mbele, yule anayekutana na adui uso kwa uso. Sikushangaa. Mguu wake wa kushoto ulinyauka utotoni kwa polio. Alitembea kwa fimbo, na kiatu cha upande huo kilikuwa na soli nene kama tofali.

Kete zilimnyima. Nguvu kumi, Ustahimilivu tisa. Kwa alama hizo asingeweza kunyanyua shoka la mikono miwili, na deraya ya chuma ingemwangusha.

"Bon, sheria inaruhusu kuhamisha," Évode akasema. "Unapunguza hapa, unaongeza pale. Lakini ukishaandika kwa wino, basi, iko imeisha."

Mutsinzi alikuwa na Kumbukumbu kumi na saba. Alisita. Ni mimi niliyesema, "Toa huko. Mpiganaji akumbuke nini? Mimi nitakumbuka kwa niaba yake."

Akatoa kumi na nne. Tisa akaziweka kwenye Nguvu, tano kwenye Ustahimilivu. Zikabaki tatu. Akampa mpiganaji wake jina la Rutikanga, yaani asiyeshtuka.

Siku ile Rutikanga alisimama kwenye mlango mwembamba wa ngome ili maadui wamjie mmoja mmoja, akawalaza tisa. Mutsinzi alicheka mpaka akatoa machozi. Tuliporudi nyumbani alitangulia mbele yangu akipanda kilima. Nilifika nusu ya njia ndipo nikaona kwamba fimbo yake nimeishika mimi.

Mwezi wa sita ule mguu ulionyauka ulikuwa umejaa nyama. Daktari aliupima kwa utepe, akaupima tena, akaandika kitu. Mama yetu, Mukandekezi, alichinja kuku. Tukamshukuru Mungu. Habari ya karatasi sikuitaja.

Kisha yakaanza mambo madogo. Alisahau siku aliyokufa baba. Alisahau jina la bosi wake. Kanisani alisahau Baba Yetu katikati, akabaki amesimama mdomo wazi huku wenzake wakifika amina. Huyu alikuwa mtu wa maneno, aliyeweza kukutajia mababu zetu hadi wa saba bila kuvuta pumzi. Sasa alikula, akanyamaza, akatazama ukuta.

Mwanzoni mwa tisini na tatu watu walianza kurusha mawe juu ya bati letu. Mnaikumbuka miaka ile, kila mtaa na vijana wake wa chama, wenye marungu. Jioni moja Mutsinzi aliinuka mezani, akatoka. Hakukimbia. Tukasikia sauti kama ya kuni kavu inayovunjwa. Mara mbili. Akarudi, akaketi, akaendelea na uji wake. Mawe hayakurudi tena. Mama alilifua shati lake, mimi nikalianika. Hatukumuuliza waliokuwa nje ni akina nani. Tulilala vizuri mwezi mzima, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Ni Mama aliyeanza kuogopa. Asubuhi moja tulikuwa tunachambua maharage, akaninong'oneza bila kuinua kichwa.

"Kabla sijabatizwa, nilipokuwa msichana, niliona watu wakifanyiwa ibada ya kubandwa. Pepo za mashujaa ziliwaingia, wakasema kwa sauti zisizo zao. Lakini palikuwa na mtu wa kumtoa kila mmoja, akarudi kuwa mtoto wa fulani. Huyu wetu nani atamtoa?"

"Mama, ni mchezo wa karatasi tu."

"Jana nilimwita Mutsinzi mara tatu. Hakugeuka." Akatupa pembeni harage bovu. "Nikamwita lile jina mnalomwita huko. Akaja."

Siku hiyohiyo nilishuka Gikondo. Évode alifungua kabati kwa ufunguo, akaitoa karatasi. Nguvu ilikuwa ishirini na moja. Kumbukumbu ilikuwa moja. Wino uleule, mwandiko wa kaka. Hakuna palipofutwa, hakuna palipokwanguliwa.

"Si mimi, Alida," Évode akasema chini chini. "Na yeye hajafika hapa tangu Pasaka."

Zile habari za mifupa iliyovunjika zilikuwa zimeshamfikia Frederick, aliyeongoza vijana wa mtaani kwetu. Alikuja kwa adabu, kofia mkononi.

"Mama, tunamhitaji kwa mazoezi tu."

Kisha akamgeukia kaka. Sijui nani alimfundisha lile jina. Alisema, "Rutikanga, twende," na kaka akamfuata. Hakuuliza wapi. Hakuuliza atampiga nani. Ikawa hivyo kila asubuhi, uwanjani, hadi mwaka ukaisha. Alipita mbele yangu mlangoni kama mtu anayepita mbele ya kabati.

Januari ya tisini na nne Évode aliniambia njia ya kumrudisha kaka ni moja. "Rutikanga afe humo ndani ya mchezo. Kwa kete, kwa sheria. Na wewe usimponye."

Tulimwita kwa lile jina, akaja. Ilikuwa Jumapili mchana, jua kali, bati linalia. Aliketi kwenye kiti chake. Évode akamletea maadui kumi na wawili kwa mara moja, kwenye uwanja mtupu, pasipo mlango wa kujikinga.

Kete zikaanza.

Alama za Uhai za Rutikanga, arobaini. Ishirini na sita. Kumi na moja. Kila alama ilipotoka, mabega ya kaka yalishuka. Jasho likamtiririka. Chini ya meza mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka. Nne. Évode alikuwa analia huku anarusha. Mbili.

Moja.

Kaka akainua macho. Yalikuwa macho yake.

"Alida," akanong'ona. Hakuwa amelitaja jina langu tangu mwezi wa nane. "Dada, niponye. Ni mimi."

Dawa nilikuwa nayo, kwenye karatasi ya mganga wangu. Ilitaka neno moja tu. Évode alinitazama. Nikajiambia ni yule mwingine, anatumia mdomo wa kaka.

Nikanyamaza.

Kete ikaanguka. Mutsinzi akalaza kichwa juu ya meza, taratibu, kama mtu aliyechoka. Hakukiinua tena.

Hospitali walisema ni moyo. Nilimvisha mwenyewe, na ule mguu ulikuwa mwembamba kama zamani. Tukamzika Jumanne.

Alhamisi Frederick alibisha hodi. Nilidhani amekuja kutoa pole.

"Nimepita kushukuru," akasema. "Rutikanga anafanya kazi. Leo asubuhi vijana wote walikuwa wanamtazama yeye."

"Mutsinzi tumemzika juzi," nikamwambia.

Alikunja uso, akajaribu kukumbuka.

"Poleni sana. Mutsinzi ni nani?"

Nilishuka Gikondo nikiwa na kanga ya msiba. Évode alikuwa amesimama nje ya stoo, hataki kuingia. Akaninyooshea kidole sakafuni.

Sakafu ile ni ya saruji, imekauka miaka na miaka, mitambo imeburutwa juu yake na haikupata hata mkwaruzo. Kutoka kwenye kiti cha kaka hadi mlangoni palikuwa na nyayo. Zilikuwa zimezama kina cha kidole, kama zimekanyagwa kwenye udongo mbichi. Nyayo pana, za miguu miwili iliyo sawa. Zote zilikuwa zinatoka.

Évode alizijaza saruji mpya, akasawazisha kwa mwiko. Mwisho wa Februari nilipita tena. Zile nyayo zilikuwa wazi tena. Nje, kwenye saruji ya mbele ya mlango, palikuwa na nyingine mbili ambazo hazikuwepo kabla, zimeelekea juu, mjini.